Nilibandika Ukurasa Msafi, Mzee wa Watu Akadhani Ameota

Mama Coleta, shikamoo, na pole kwa kazi ya kusoma shida za watu. Nakuomba unishike mkono, maana tangu mwezi wa kumi na moja akili yangu haikai mahali pamoja, nikipalilia najikuta nimesimama na jembe hewani, nikichota maji ndoo inajaa na kumwagika nami natazama tu, na mume wangu ameshaniuliza mara mbili kama nina mimba au nina malaria, yote mawili nikamjibu hapana, lakini kilichopo sikumwambia.

Mimi ni katibu wa kamati ya josho la kuogeshea ng'ombe katika kijiji kimoja cha njia ya Namanyere, nina miaka thelathini na minne, na majina yote nitakayoyataja humu nimeyabadilisha, hata la kwangu, wewe niite Justa. Ukatibu sikuuomba. Nilichaguliwa kwa sababu ya mwandiko. Masista walionifundisha darasa la tatu walikuwa wakisema ukurasa mchafu ni dhambi ndogo, na daftari langu lilipitishwa dawati kwa dawati ili wenzangu walitazame, na mpaka leo, Mama Coleta, nikiona karatasi nyeupe isiyo na doa nasikia raha kifuani kama mtu aliyevua viatu vinavyombana.

Kwenye ukuta wa stoo ya josho letu kuna ubao, na juu ya ubao huo huwa nabandika kwa gundi ya unga wa ngano karatasi ya maelekezo, kwamba ng'ombe wanyweshwe maji kwanza wasije wakanywa ya josho, ndama wapite mwisho, dawa ya sasa ni ipi, na tunapojazia maji tutie makopo mangapi ya dawa kwa kila pipa, na juu ya karatasi naweka nailoni kwa sababu ya mvua. Zamani karatasi moja ilikaa misimu mitatu bila kubadilika hata neno, kwani dawa ilikuwa ile ile ya serikali, inakuja na gari lile lile, makopo matatu kwa pipa, basi. Lakini tangu biashara ilipofunguliwa na kila mwenye duka mjini akaruhusiwa kuuza dawa ya kupe, leo inakuja yenye dumu jeupe, mwakani inakuja yenye galoni la bluu, na karatasi yangu haipumziki. Nikibadilisha neno naparua lile la zamani kwa wembe, taratibu, mpaka wino unaondoka na karatasi inabaki laini, halafu naandika jipya juu yake, na ukipita pale hutajua kama kuna kitu kilikuwa kingine. Watu walinisifu kwa hilo.

Sasa mwezi huo wa kumi na moja mwenyekiti wetu Isdori alirudi kutoka Sumbawanga na dawa mpya kabisa, na bwana mifugo akapita na pikipiki yake, hata hakuzima injini, akaniambia, "Katibu, hii ni kali sana, kopo moja kwa pipa, siyo matatu tena, kaandike leo leo." Nikaenda mchana ule ule. Nikaparua jina la dawa ya zamani, nikaandika jina jipya, refu, la kizungu, likakaa vizuri. Kisha nikafika kwenye ile tatu. Mama Coleta, usinicheke. Tarakimu huwa naziandika kwa wino mwekundu ili zionekane kwa mbali, na ile tatu ilikuwa tatu nzuri kuliko zote nilizowahi kuandika maishani, ina matumbo mawili yaliyolingana na kamkia kadogo mwishoni, na kalamu yangu nyekundu ilikuwa imekauka, nilikuwa na ya bluu tu, nikaona nikiiparua ile tatu na kuweka moja ya bluu katikati ya tarakimu nyekundu ukurasa wote utaharibika, nikajiambia kesho asubuhi na mapema nitanunua kalamu nyekundu dukani, nitafika kabla ya ng'ombe. Nikarudisha nailoni, nikaenda zangu nyumbani, tena nilikuwa naimba.

Asubuhi yake kulikuwa na ukungu wa kwetu huku, ule unaosikia kengele za ng'ombe lakini ng'ombe huwaoni, na mwenye duka akachelewa kufungua, nami nikasimama mlangoni pake nimejikunja kwenye kitenge nasikiliza zile kengele zikipita upande wa bondeni, kengele baada ya kengele, nikawa nazihesabu kama mtu aliye usingizini, na sikuondoka. Hilo ndilo linalonitesa, sikuondoka. Nilisubiri kalamu.

Anayechanganya dawa kwetu alikuwa mzee nitakayemwita Mayunga. Ni Msukuma, alihamia huku na mkewe Kabula, pamoja na rafiki yake Ndalahwa, wakaswaga ng'ombe wao kutoka upande wa Shinyanga wiki na wiki. Kusoma alijifunzia ukubwani, kwenye elimu ya watu wazima, mvi zimeshaanza, na alikuwa anaona fahari sana, kila siku ya josho lazima asimame mbele ya karatasi yangu aisome kwa sauti kutoka juu mpaka chini, kidole kinafuata mstari, wakati kila neno alishalijua kwa moyo. Vijana walikuwa wakimcheka, "Mzee, mwaka huu utafika mwisho?" Naye anawajibu, "Karatasi hailali, wajomba. Jana ilisema yake, leo nayo ina yake." Siku hiyo aliisoma, akahangaika na lile jina la kizungu mpaka akalimaliza, akasoma tatu, akatia makopo matatu kwa kila pipa.

Nilipofika, wa mwisho walikuwa wameshapita. Wakubwa walikuwa wanatikisa vichwa tu, ila ndama walianza kutetemeka miguu, mate yanawatoka, wanaanguka kwenye majani yenye umande. Watu walikimbia huku na huku wakiwamwagia maji. Kabla ya saa nne walikufa watano, wawili wa Mayunga mwenyewe na watatu wa Ndalahwa.

Nami nilifanya nini? Watu wote walikuwa kwenye ndama, ukutani hakuna aliyetazama. Nikaibandua ile karatasi, ikatoka nzima bila kuchanika, kana kwamba ilikuwa inanisubiri, nikaingia nayo stoo nikafunga mlango, nikaweka karatasi mpya juu ya gunia la chokaa nikanakili yote kutoka juu mpaka chini, na mahali pa tatu nikaandika KOPO 1 kwa kalamu yangu mpya nyekundu. Sikuwa nafikiri, mkono ndio uliokuwa unafanya kazi, mimi nilikuwa mbali, huko nje nasikia watu wanaita majina ya ndama na sauti zao zinanijia kama zimepita chini ya maji. Nikatoka kwa mlango wa nyuma, nikabandika, nailoni sikuwahi kuirudisha. Naapa ni ukurasa mzuri kuliko kurasa zote nilizopata kuandika.

Isdori akaja na kamati. Akamwuliza Mayunga ametia makopo mangapi, naye akajibu bila wasiwasi, "Matatu. Imeandikwa matatu." Wakaenda wote ukutani. Mzee akaanza kusoma kutoka juu, kama kawaida yake, kidole kinafuata, hakuna aliyecheka, akafika mahali pale akasema, "Kopo..." Kidole kikabaki palepale muda mrefu. Alipokiondoa kilikuwa na wekundu kwenye ncha, maana gundi ilikuwa mbichi na wino ulikuwa haujakauka. Akakitazama kidole, akanitazama mimi, akakifuta kwenye koti lake, akasema polepole, "Basi labda niliota."

Wakamnyang'anya kopo. Ndalahwa, mtu aliyetembea naye kutoka Usukuma, hamwamkii mpaka leo, akimwona njiani anageukia ng'ombe wake. Lakini hayo yote, Mama Coleta, ningeweza kuyabeba. Nisichoweza ni hiki. Mzee ana binti, Rahel, ameolewa Wampembe huko ziwani, na barua zake huja na wachuuzi wa dagaa, zamani alikuwa anazisoma mwenyewe hata kama barua moja itamchukua siku mbili, ukijitolea kumsaidia anakasirika. Siku hizi analeta kwangu. Anakaa kwenye kigoda ameelekea mlangoni, ananiambia, "Nisomee, mwanangu. Macho yangu yameanza kunidanganya." Nami namsomea. Ya mwisho Rahel ameuliza, "Baba, mbona siku hizi hujibu kwa mkono wako?" Nilipofika hapo nilisoma kwa haraka kama mtu anayevuka kijito cha baridi.

Mchana nikijilaza kidogo kwenye magunia ya mahindi naota tarakimu zangu zinateremka josho, moja baada ya nyingine, nyekundu, zimetulia kabisa, zinaingia tatu upande huu na upande wa pili inatoka moja inachuruzika maji, na mzee amekaa juu ya ukuta anazihesabu kwa kidole, akimaliza ananigeukia ananiuliza, "Zilikuwa ngapi, mwanangu?"

Ile karatasi ya zamani sijaichoma. Iko sandukuni, katikati ya kitabu cha nyimbo, na tatu yake haijafifia hata kidogo.

Sasa limekuja jambo. Bwana mifugo ametuletea bati kubwa lililopakwa rangi nyeupe ili maelekezo yaandikwe kwa rangi ya mafuta, yadumu, na mwandishi ni mimi. Nikasema kwenye kikao, labda tuache nafasi chini, kila kitu kikibadilika tuandike kilikuwa nini, kimekuwa nini, lini, nani amebadilisha na kwa nini. Isdori akakataa. Akasema, "Katibu, mtu anapoleta ng'ombe anataka kujua leo anafanya nini, hataki hadithi. Akiona tumekosea mwaka jana na juzi, atakwenda kununua dawa yake gulioni, ajipulizie kwa kukisia, na huko ndiko watakufa wengi." Na kweli wapo wanaofanya hivyo, na ng'ombe wao wamekufa, kwa hiyo siwezi kusema ni mwongo. Tulipobaki wawili akaongeza kwa sauti ya chini, "Gundi ya siku ile ilikuwa mbichi. Mimi nina pua. Tuliache lilale."

Nikajaribu kuliacha. Nikajiambia, mimi ni Mfipa, kwetu majani mabovu tunayafukia kwenye tuta, na mwaka unaofuata yanatupa maharage, basi na kosa nalo nilifukie litakuwa mbolea. Halijawa mbolea. Nisaidie, ubao uwe msafi au uonyeshe yaliyobadilika? Na kama uonyeshe, nianzie wapi? Nikianzia leo niko salama. Nikianzia mwezi wa kumi na moja nimekwisha, watasema katibu ndiye aliyeua ndama, na mwandiko wangu utakuwa kichekesho. Kikao ni Alhamisi ya kwanza ya mwezi wa tatu.

Ni mimi mwenye mawazo, Justa, njia ya Namanyere. Februari 1995.

MAMA COLETA ANAJIBU

Justa mwanangu, marahaba.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara zote tatu nimesifu mwandiko. Kurasa sita, na hakuna neno hata moja lililokatwa. Mtu anayelia hivyo hawezi kuandika kurasa sita bila kukata neno, kwa hiyo najua uliandika kwanza pembeni, ukalia juu yake, halafu ukakaa ukanakili. Nimekosea? Hata kwangu mimi, wewe uliyekuja kuungama, umeniletea karatasi safi. Ningependa zaidi uniletee ile yenye machozi.

Nianze na pole, maana pole unastahili. Kuiacha ile tatu ilikuwa uzembe, na uzembe ule ulikuwa na ujinga kidogo na kiburi kidogo ndani yake, lakini kalamu hukauka, maduka huchelewa kufunguliwa, na binadamu husimama kwenye ukungu wakahesabu kengele. Nimeishi kwenye uwanda huu tangu kuzaliwa, najua ukungu ule unavyomchukua mtu. Ungetoka stoo ukasema, "Jamani, ni mimi, nilichelewa kubadilisha," wangekutukana siku mbili, na siku ya tatu wangekuambia ukanunue kalamu mbili badala ya moja.

Lakini hukusema. Na hapa, mwanangu, pole yangu inaishia, sasa nakugombeza. Wewe unalilia ndama. Ndama watano walikufa kabla ya saa nne asubuhi, wakaisha. Ulichomfanyia mzee Mayunga hakijaisha, unakifanya kila siku ile karatasi ikiwa ukutani. Mtu amejifunza kusoma na mvi kichwani, anachekwa na vijana, anasimama mbele ya maandishi yako kama watu wanavyosimama kanisani, halafu siku moja maandishi yanamgeuka mbele ya kijiji kizima, na badala ya kusema karatasi imedanganya, anasema macho yangu yamedanganya. Umemwibia macho. Ndalahwa naye umemwibia rafiki wa safari. Na vyote hivyo umevifanya kwa ukurasa mzuri kuliko zote ulizopata kuandika! Nilipofika hapo niliiweka barua yako chini nikaenda kusimama dirishani.

Kuhusu tuta, usinichezee. Mimi nami ni Mfipa. Majani tunayafukia mchana kweupe, kijiji kizima kinatuona, na kila apitaye anajua chini ya tuta lile kuna nini. Ndiyo maana yanakuwa mbolea. Wewe ulifunga mlango.

Sasa ubao. Kabla ya kukaa na kalamu hii nilikuwa muuguzi miaka ishirini na miwili, na kitu cha kwanza nilichofundishwa, kabla hata ya kuchoma sindano, ni kwamba kwenye kadi ya mgonjwa hakuna wembe na hakuna kunakili upya. Ukikosea kipimo unapiga mstari mmoja tu juu yake, mwembamba, ili kilichokatwa bado kisomeke, unaandika sahihi yake pembeni, tarehe, na jina lako. Kadi zetu zilikuwa chafu, Justa. Masista wako wangezimia. Lakini muuguzi wa zamu ya pili akichukua kadi alijua mgonjwa huyu jana alipewa nini na kwa nini leo anapewa kingine, na mgonjwa akisema, "Jana nilimeza mbili," hakuna aliyemwambia ameota. Mimi mwenyewe jina langu limo kwenye kadi nyingi pembeni ya mstari mwembamba, na mara mbili mstari ule ulinitia aibu hasa. Sikufa.

Isdori usimdharau, nusu ya maneno yake ni kweli. Mwenye ng'ombe thelathini wanaosukumana hana haja ya hadithi, na ukimchanganyia ya jana na ya leo mahali pamoja unaweza kuua wengine. Kwa hiyo juu ya bati, kwa herufi kubwa, andika ya leo peke yake: dawa gani, makopo mangapi. Chini, kwa herufi ndogo, piga mstari wa kutenga, na hapo ndipo pakae yaliyobadilika. Mwenye haraka atasoma juu aende zake. Mwenye swali atainama. Na usijaze huko chini kila upuuzi, kwamba leo nimerekebisha herufi, kesho nimeweka nailoni mpya. Andika lile tu ambalo likibadilika mtu atafanya kitu tofauti na mikono yake, kopo moja badala ya matatu. Mengine ni mapambo, na mapambo unayapenda mno.

Nusu nyingine ya maneno ya Isdori ni woga aliouvika koti la busara. Eti watu wakiona makosa watakimbilia gulioni. Mwambie mwenyekiti wako kwamba watu wa kijiji chenu wameona ndama watano wakifa, makosa wameshayaona, wasichokiona ni nani amesahihisha. Karatasi isiyoonyesha kosa hata moja katika miaka ambayo dawa imebadilika kila msimu, mimi ningeiogopa zaidi. Na mwambie pia, kwa heshima, kwamba pua iliyonusa gundi mbichi ikanyamaza nayo ina la kujibu.

Unaniuliza uanzie wapi. Unajua. Mstari wa kwanza chini ya bati uwe huo wa mwezi wa kumi na moja, tarehe unayoikumbuka vizuri kuliko ya harusi yako: makopo matatu yamekuwa kopo moja kwa sababu dawa mpya ni kali, karatasi ilichelewa kubadilishwa, aliyechelewa ni katibu, aliyechanganya alifuata kilichoandikwa. Weka jina lako kamili. Ile karatasi iliyo kwenye kitabu cha nyimbo itoe, uibandike ukutani pembeni ya bati, na ile tatu yako nzuri iachwe ionekane. Hiyo ndiyo kazi ya mwisho iliyobaki kwake.

Watakusema. Wengine watakusema mpaka mahindi yakomae. Ukatibu unaweza ukakutoka, na kama utakutoka mpe anayekuja kalamu zako na umfundishe mstari mwembamba. Mumeo mwambie jioni hii, kabla hajakuuliza mara ya tatu kama una mimba.

Lakini usianze na bati, wala usianze na kikao. Barua yako nimeikalia siku kumi nikitafakari kama niichapishe, na nimeamua ndiyo, kwa sababu stoo za namna yako ni nyingi katika nchi hii. Majina umebadilisha, sawa, ila josho lenye tarakimu nyekundu kwenye njia ya Namanyere ni moja tu, usijidanganye. Gazeti hili litafika kwenu na basi la Jumamosi, na Jumapili litakuwa linafungia sukari dukani. Kwa hiyo nimempa dereva wa basi la leo nakala ya majibu haya kwenye bahasha, amwulizie katibu wa josho, akukabidhi mkononi. Una siku tatu. Usimwache mzee wa watu akasikie habari za macho yake kutoka kwa mwenye duka.

Na sasa neno ambalo nimelizunguka tangu mwanzo. Umeniandikia mwenyewe, kwa mwandiko wako huo, kwamba kidole chake kilitoka na wekundu, akakitazama, akakutazama wewe, halafu akakifuta. Justa, mtu mwenye wino mbichi kidoleni hajaota, na Mayunga si mjinga. Kijijini kwenu kuna walimu, kuna katekista, na hakosi jirani mwenye watoto wa darasa la saba. Unafikiri kwa nini barua za binti yake anazileta kwako, anakaa kwenye kigoda chako ameelekea mlangoni asikutazame usoni, anakuambia macho yake yanamdanganya? Miezi mitatu mzee anakuja kukupa nafasi ya kusema, nawe unamsomea habari za dagaa.

Nenda kwake, usimsubiri aje. Mwamkie shikamoo wewe kwanza, mwamkie na Kabula, umweleze ukiwa umeketi chini, mwite na Ndalahwa asikie kwa masikio yake mwenyewe. Usilie sana, machozi yako yasije yakawa kazi nyingine ya mzee. Na ukimaliza, ile barua ya mwisho ya Rahel uliyoisoma kwa haraka, mrudishie mkononi. Umwambie, "Baba, isome wewe, mimi nasikiliza." Akisoma siku mbili, kaa siku mbili.